Suspension ya Mia Moja

Kaptembwo, Nakuru
14 Mei 2025

Dadangu Fancy,

Chamgei. Mimi niko sawa, mkate unanunuliwa, na magoti yangu bado yananitoa Kaptembwo hadi Milimani kila asubuhi na kreti mbili nyuma ya baiskeli. Nakuandikia kwa kalamu kama watu wa zamani kwa sababu shule yenu inaogopa simu kuliko inavyoogopa moto.

Habari njema kwanza. Fremu ya baiskeli yako tunayo. Ni ile ya kijani niliyokuambia wakati wa likizo, ya alumini. Ina mkwaruzo ubavuni lakini haina ufa, nimeigonga kila mahali nikiisikiliza. Magurudumu ya inchi ishirini na sita tunayo pia. Kilichobaki ni uma wa mbele, ule unaobonyea ukipita kwa mawe. Huku mjini hakuna mtu anayeuita uma. Ukimwambia Muiruri unataka uma atakuuliza kama umeleta na sahani. Kwake inaitwa suspension, basi, na mimi nimeshazoea kuiita hivyo.

Sasa hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Huyu Muiruri anauza vipuri vya baiskeli za mitumba, na amenipa mbili nichague. Ya kwanza ni mpya, ya springi ya chuma, na ni nzito ajabu. Ya pili imetumika Ulaya. Haina springi, inajazwa hewa kwa pampu ndogo, kwa hivyo mtu mwepesi anatia hewa kidogo na mtu mzito anaongeza. Zote zinabonyea milimita mia moja. Iko ya tatu ya mia na arobaini, lakini Muiruri mwenyewe anasema hiyo ni ya watu wa kuruka. Nikiiweka kwa fremu yetu mbele itainuka mpaka uonekane kama umekalia kiti cha kinyozi.

Niambie kilo zako na niambie unaonaje. Wewe ndiye utakayeshuka nayo kwenye mashindano ya Menengai mwezi wa nane, mimi nitakuwa chini nikishika chupa ya maji.

Na kuna lingine. Usichore baiskeli darasani. Usibishane na walimu, na usiruke ua hata kama bweni zima linaruka. Baba alisema siku atakayoitwa shuleni kwa makosa yako ndiyo siku masomo yako yataisha, na mimi namjua. Sisi tulipewa suspension ile nyingine, ya kusimamishwa masomo, darasa zima kwa ule mgomo wa maharagwe, wiki mbili, kila mtu arudi na mzazi. Wenzangu wote walirudi. Mimi ndiyo hivi nauza mkate. Ukipoteza shule kwa sababu ya baiskeli hii sitajisamehe, kwa hivyo nifanyie hiyo heshima.

Ni mimi kakako,
Kipkemoi


Shuleni
22 Mei 2025

Kaka Kipkemoi, tajiri wa mikate,

Barua yako ilinifikia ikiwa imefunguliwa. Deputy wetu, Madam Nyakio, husoma barua zote zinazoingia na zinazotoka. Madam, kama umefika hapa, habari ya leo.

Nimeisoma nikajaribu kuelewa, nikaona afadhali kemia. Milimita mia moja nimeipima kwa rula, ni ndefu kupita kidole changu cha kati. Inabonyea yote? Ikibonyea yote mimi naenda wapi? Na hiyo ya hewa, ikiishiwa na hewa nikiwa katikati ya mteremko, nishuke nisukume au nianze kuomba? Niliuliza wasichana wa bweni letu. Quincy akasema hewa haiwezi kubeba mtu. Mwingine akamuuliza kama magurudumu yamejazwa uji. Wakabishana mpaka kengele.

Nina kilo arobaini na tisa. Nadhani springi ya chuma haitajua hata kama nimepanda. Kwa hivyo ya hewa ndiyo yangu, mwambie Muiruri asiiuze. Bado nilikuwa nafikiri tungeacha mambo hayo yote tukatumia tu ule uma wa kawaida usiobonyea, kama wa baiskeli ya baba ya maziwa, lakini nimekumbuka vile nilikuwa nikifika kwa kituo cha maziwa mikono ikitetemeka. Karatasi imejaa, naendelea kwa ya pili.

Basi nimefikiri sana na nimeamua. Nitachukua suspension. Najua kuna wenye wanaweza kukaa miaka yote bila, lakini mimi nimechoka kutetemeka. Tafadhali usimwambie baba sasa. Tutamaliza mtihani kwanza, halafu nikifika nyumbani nayo ndiyo atajua. Najua ataona ni aibu msichana wake kuwa na mambo kama hayo. Atanuna siku mbili, halafu atazoea. Mama ukimwambia si neno.

Nisalimie Akoth na watoto wake. Ombea hesabu yangu.

Dada yako,
Fancy Chepchumba


Kuresoi
3 Juni 2025

Kwa Fancy,

Nakusalimu na mama yako anakusalimu. Ng'ombe mweusi amezaa, ndama ni wa kike. Viazi vya shamba la juu ni vizuri. Vya chini vimeharibiwa na baridi.

Jumamosi nilipeleka viazi Nakuru kwa lori ya Kiptum nikampitishia ndugu yako gunia, kama ninavyofanya. Hakuwa nyumbani. Jirani yake Akoth ana ufunguo, akanifungulia nikae huku akienda kuweka chai. Mezani kulikuwa na karatasi moja ya mwandiko wako. Sikuwa naitafuta. Nilisoma mpaka kwa jina lako, nikatoka kabla ya chai.

Kwa hivyo nimejua mambo ya suspension. Wewe unajua nilivyosema kuhusu neno hilo katika nyumba hii. Nimekaa nalo siku tatu na mama yako anauliza kwa nini sili. Nilifikiri nitakasirika. Nimengoja hasira na haijakuja, na hiyo ndiyo inanishangaza.

Naona bado uko shuleni, kwa hivyo najua wanangoja mtihani uishe ndiyo wakutoe. Lakini mengine sielewi. Umeandika kwamba umeamua kuichukua. Mtu huamua namna gani? Umeandika umechoka kutetemeka. Kitu gani kinakutetemesha? Nilifikiri unapenda shule.

Niandikie ukweli. Ni ndefu kiasi gani? Ikiwa fupi tutavumilia. Ikiwa ndefu sijui nitafanya nini. Na uniambie ni nani alikuingiza katika mambo haya. Andika bila kuogopa.

Baba yako,
Kipsang


Shuleni
10 Juni 2025

Baba mpendwa,

Nilipoona mwandiko wako kwa bahasha nilikaa chini kwanza. Nikasoma nikiogopa, nikasoma tena, na mara ya tatu machozi yakanitoka. Sikuwahi kufikiri utajua kuhusu suspension na usikasirike. Wasichana hapa wananiuliza kama baba yangu amebadilishwa.

Na umeuliza maswali ya mtu anayeelewa. Umeuliza ni ndefu kiasi gani. Ni mia moja tu, baba. Najua ukisikia mia moja utaona ni kubwa, hata mimi niliona hivyo, lakini ndiyo ya kawaida kwa mtu anayeanza. Kuna wanaochukua mia na arobaini. Hao ni wale wa kuruka, na mimi siruki, naapa mbele ya Mungu.

Kutetemeka ni kwa mikono tu, usijali. Ni kwa sababu ya mawe. Mawe yakiwa mengi, ukimaliza huwezi hata kushika kalamu, vidole vinakataa. Ndiyo maana nikasema nimechoka. Nikishapata suspension mikono itapumzika.

Aliyenitafutia ni Kipkemoi. Yeye ndiye alizunguka mji mzima akiuliza mpaka akapata, na mimi nikachagua. Tafadhali usimlaumu. Amejitolea sana kwa jambo hili. Wakati mwingine naona analifurahia kuliko mimi.

Nimefurahi kwa ajili ya ndama. Mpeni jina nikija.

Mtoto wako anayekupenda,
Fancy


Kuresoi
17 Juni 2025

Kipkemoi,

Kiptum atakupa barua hii mkononi.

Fancy ameniandikia. Amepewa siku mia moja. Wanamfanyisha kazi ya mawe mpaka hawezi kushika kalamu, na bado anasema ni heri atoke apumzike. Ameandika kwa mkono wake kwamba wewe ndiye ulimtafutia hiyo suspension, ulizunguka mji ukiitafuta, na unaifurahia.

Yako haikukutosha?

Sitauliza zaidi. Usimwandikie tena. Alhamisi ninaenda shuleni kwake.

Kipsang


Kaptembwo
18 Juni 2025

Fancy,

Nimekatazwa kukuandikia na nakuandikia. Nitampa mwalimu mmoja anayenunua mkate kwangu, anapanda huko kesho kutwa.

Umefanya nini? Kiptum alinipa barua ya baba jana, nikasoma nimesimama barabarani, pikipiki zinanipigia honi. Siku mia moja. Hakuna shule inayotoa siku mia moja, hata ukichoma bweni. Na mawe gani? Nilikuomba kitu kimoja tu, usiingie kwa shida, na sasa naambiwa uliingia na mimi ndiye nilikushika mkono. Nilikukosea wapi mpaka uliweke jina langu hapo? Kama kuna kosa ulifanya na ukaogopa, ungeniambia mimi. Ningekuja hata kwa baiskeli.

Nimefikiri labda ni baiskeli. Labda walikukamata na barua zangu, labda uliandika mambo ya vipuri kwa karatasi ya mtihani. Sijui. Kichwa kinazunguka. Leo asubuhi nimemrudishia Muiruri ile suspension ya hewa, nikamwambia mambo yamekufa. Fremu nimeifunika na gunia kwa sababu sitaki kuiona.

Halafu pale mwisho baba ameandika anaenda shuleni kwako Alhamisi. Nimelisoma hilo neno mara nyingi. Anaenda. Nimefurahi kwa ajili yako na nimeumia kwa ajili yangu, yote pamoja, na sijui niweke wapi.

Kama bado uko shuleni, nijibu haraka.

Kipkemoi


Shuleni
24 Juni 2025

Kipkemoi,

Sijapewa suspension yoyote. Niko darasani, nimekaa kiti changu, na hesabu bado inanipiga. Barua yako imefika baada ya baba kuja, kwa hivyo acha nianze na yeye, maana hata mimi sikuelewa kitu mpaka alipokuja.

Alhamisi katikati ya somo niliitwa ofisini kwa Madam Nyakio. Nikamkuta baba amesimama katikati ya chumba na lile koti la kanisa, kofia mkononi, gunia la viazi mlangoni. Alikuwa amekataa kiti. Alikuwa ameshaongea yake yote, na Madam ndiye aliyenieleza baadaye. Alimwambia amekuja kuomba. Anajua mtoto wake amekosa na hataki kuambiwa kosa ni lipi. Lakini siku mia moja ni nyingi, na kazi ya mawe haimfai msichana anayekaribia mtihani. Aliomba zipunguzwe ziwe hamsini. Na kama mawe ni lazima yavunjwe, yeye yuko tayari kubaki ayavunje mwenyewe, wamwonyeshe tu yalipo.

Baba, Kipkemoi. Baba yetu.

Madam akachanganyikiwa. Aliwaita walimu wa zamu mmoja mmoja, hakuna aliyejua. Basi akanigeukia mimi. Akaanza kuniuliza nimefanya nini ambacho mzazi anakijua na shule haikijui, nimeruka ua lini, na hayo mawe ni ya wapi. Nilitetemeka kweli. Nikaona sasa ndiyo napata suspension ya ukweli, mbele ya baba, kwa kosa ambalo hata silijui jina. Na baba alipoona mambo yanageuka, akaanza kunitetea vibaya zaidi. Akasema labda yeye ndiye amekosea, labda ilikuwa ni shule nyingine. Kana kwamba nasoma shule mbili.

Ndipo nikakumbuka barua yake na yangu, neno kwa neno, na nikasikia joto mpaka masikioni. Nikasema, "Baba, ni ya baiskeli."

Madam ndiye aliyeelewa kwanza, kwa sababu alikuwa amesoma barua zetu zote, hata ya Muiruri na sahani. Alicheka mpaka akavua miwani. Akachukua karatasi akamchorea baba gurudumu, miguu miwili ya chuma, na mshale wa kuonyesha vile inabonyea. Baba aliinama akaangalia ule mchoro kwa muda. Akauliza kama hiyo ndiyo mia moja. Madam akamwambia ndiyo, Mzee, milimita.

Nilingoja acheke au akasirike, moja kati ya hayo. Hakufanya hata moja. Alimuuliza Madam hivi, na nakuandikia vile alivyosema: "Kama ingekuwa ile ya kweli, na mimi nimekuja hivi, mngefanya nini?"

Madam bado alikuwa anapangusa macho. Akajibu vile angemjibu mzazi yeyote. "Mzazi akija tunaongea tu, Mzee, na mtoto anarudi darasani siku hiyo hiyo. Shida yetu ni wale ambao mzazi haji."

Baba akakaa kwa kile kiti alichokuwa amekataa. Madam alidhani amechoka na safari, akaagiza chai. Mimi nilijua anafikiria nani na sikujua niangalie wapi. Alikunywa chai yote, akamshukuru Madam, akamwachia viazi. Pale nje aliniambia nisome. Hakutaja mashindano wala hakukutaja wewe. Akaenda akiwa ameshika ule mchoro.

Sasa sijui kitu. Sijui kama nimeruhusiwa kupanda au nimekatazwa. Sijui kama bado amekukasirikia. Nisamehe kwa yale niliyomwandikia, nilikuwa nakusifu. Tafadhali rudi kwa Muiruri uone kama ile ya hewa bado iko.

Fancy


Kaptembwo
1 Julai 2025

Fancy,

Nilirudi. Ilikuwa bado iko, imening'inia pale pale. Safari hii nilibeba na fremu ili tuifunge mara moja nisibadilishe nia tena. Haikuingia. Kuna mrija wa juu unaopita ndani ya shingo ya fremu ndiyo ushikwe na usukani, na mwenye baiskeli wa kwanza huko Ulaya aliukata ulingane na shingo ya baiskeli yake. Kwetu umepungua vidole viwili. Nilikuwa nimepima miguu, nikapima gurudumu, nikapima mahali pa breki, shingo sikupima. Wewe uliichagua, mimi niliinunua, nikairudisha kwa uchungu, na muda huo wote haingeweza kutufaa hata siku moja.

Basi nimechukua ile ya springi. Muiruri ameitoa springi yake akaweka nyingine laini ya baiskeli ya watoto, na sasa nikiikandamiza kwa mkono mmoja inaitika. Utapanda mlima ukilalamika uzito, lakini ukishuka mikono yako itakuwa salama. Ndiyo hiyo. Sitaki tena kusikia habari ya kuchagua.

Nimecheka kuhusu siku hamsini. Nimecheka mpaka Akoth akaja kuchungulia. Nimewaza baba akionyeshwa mawe na kukunja mikono ya lile koti.

Halafu nikafika kwa maneno ya Madam na kicheko kikaisha. Siku hiyo hiyo. Fancy, mimi nilikaa pale nyumbani wiki mbili na sare imepigwa pasi. Kila asubuhi nilivaa, nikakaa nje kwenye kile kigogo, na baba akanipita akienda kwa ng'ombe. Siku ya kurudi ilipofika nikakaa na viatu miguuni mpaka mama akaniambia nivue. Nilifikiri shule ilikuwa imenifunga. Kumbe ilikuwa ni mtu kuja tu na kuongea.

Nimekasirika na naona nikuambie waziwazi. Kwako alikosea neno na akaenda. Kwangu neno lilikuwa ni lenyewe na hakwenda. Ninampenda mzee na sijui nimwambie nini nikimwona, kwa hivyo akija na gunia nitakuwa kazini.

Soma. Baiskeli itakungoja.

Kipkemoi


Kuresoi
5 Julai 2025

Kipkemoi,

Nilikuandikia maneno mabaya kwa jambo ambalo halikuwepo. Fancy amekueleza.

Jumanne nilienda shule yako. Sikumwambia mama yako naenda wapi. Geti wamelipaka rangi nyingine. Mlinzi akaniuliza nimekuja kwa mwanafunzi gani, nikamtajia jina lako. Akaenda akauliza, akarudi akasema hakuna mwanafunzi wa jina hilo. Nikamwambia alikuwepo, mzazi wake aliambiwa aje na amechelewa. Akauliza nimechelewa kiasi gani. Nikamwambia miaka sita.

Kijana huyo aliniangalia sana. Nilifikiri atanicheka. Akafungua.

Mwalimu mkuu wa sasa ni mgeni, hakujui, lakini alinisikiliza mpaka mwisho. Amesema watu wengi wa umri wako wanarudi. Unaweza kuandikishwa kwa mtihani wa mwaka ujao, na madarasa ya jioni yapo Nakuru ukitaka kuendelea na kazi yako. Amesema uende mwenyewe mwongee. Akaniambia kwamba wewe sasa ni mtu mzima, mzazi hahitajiki.

Nikamwambia nitakuja naye hata hivyo.

Amesema Jumatatu ya tarehe kumi na nne. Kama hutaki nitaelewa. Kama unataka nitakuwa hapo asubuhi.

Baba yako


Kaptembwo
8 Julai 2025

Baba,

Kiptum amenipa barua yako na amekataa kuondoka mpaka nijibu, kwa hivyo naandika haraka huku anapiga honi.

Sijui kama nataka kurudi kwa vitabu. Nina miaka ishirini na mitatu, nitakaa na watoto, na algebra yote imeshanitoka. Bado nimekasirika pia, nakuambia ili usidhani imeisha. Nimeanza barua hii mara mbili na zote nimechana.

Jumatatu namaliza kusambaza mkate saa tatu, kufika huko labda saa tano. Utakuwa umeshasimama sana. Watakuambia uingie ukae ndani, mzee hawezi kuachwa kwa jua.

Usiingie, baba. Nisubiri getini.

Kipkemoi